Baiskeli ya Baba na Nauli ya Mama

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii nilifunzwa darasa la sita, nikaitia katika insha mara nyingi ili nipate alama, lakini maana yake hasa sikuijua mpaka mwaka huu nilipoingia kidato cha tatu. Mpenzi msomaji, tega sikio nikusimulie.

Nyumbani kwetu ni Nyamasaria, kando ya barabara kuu itokayo Ahero kuja Kisumu mjini. Shule yetu ni ya kutwa, kama ujuavyo, na mimi natoka mbali, kilomita tano na ushee. Baba ni fundi wa baiskeli hapo hapo steji. Mama anauza omena katika soko la Kibuye. Tumezaliwa watoto wanne na mimi ndimi kifungua mimba.

Tangu kidato cha kwanza nilikuwa nikisafiri kwa matatu. Kila asubuhi mama alinihesabia shilingi mia moja: hamsini ya kwenda na hamsini ya kurudi. Wenzangu mnaotoka mbali mnayajua maisha haya. Unaamka saa kumi na moja kasorobo, unafika steji bado kuna giza, unakuta watu wamejaa kama nzige. Matatu ikija, manamba anapaza sauti, "Tao hamsini! Watu wazima kwanza, wanafunzi mngoje!" Kwao mwanafunzi ni hasara, kwa sababu ataomba alipe nusu na mkoba wake unakula nafasi. Ukibahatika kuingia unabanwa mlangoni, shingo imepinda, kwapa la mtu liko puani. Mvua ikinyesha, hamsini inageuka themanini. Kama huna ya kuongeza, ni kupiga mguu. Unafika shuleni umechelewa, mwalimu wa zamu yuko langoni anakungoja. Katika kidato cha pili peke yake nilifyeka nyasi za uwanja mpaka vidole vikaota sugu.

Lakini taabu hizo zote niliziona afadhali kuliko jambo moja tu, nalo ni kupanda baiskeli ya baba.

Baiskeli yenyewe ni Black Mamba, nyeusi, nzito kama chuma cha reli, yenye keria pana nyuma. Kabla ya kuwa fundi, baba alikuwa mwendesha boda boda. Ninyi wa leo mkisikia boda boda mnafikiri pikipiki. La hasha! Kazi hiyo ilianza kwa baiskeli, kule Busia mpakani mwa Kenya na Uganda, watu walipokuwa wakivushwa na mizigo yao kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Mpaka kwa Kiingereza ni "border", na hapo ndipo jina lilipotoka. Kisumu nayo ikaipokea kazi hiyo kwa mikono miwili, kwa maana mji wetu umelala tambarare kando ya ziwa na miguu haichoki haraka. Baba alishona mto wa sponji akaufunga kwenye keria, akaufuma nyuzi nyekundu pembeni. Kwa baiskeli hiyo alijenga nyumba ya vyumba viwili. Kwa baiskeli hiyo hiyo alimpata mama, ambaye alikuwa abiria wake wa kila jioni kutoka Kibuye. Baba hupenda kusema kwamba mwishoni aliona aache kumtoza nauli, amwoe kabisa.

Halafu pikipiki zikaja. Serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwishoni mwa miaka ya 2000, bei ikashuka, na vijana wakazinunua kwa wingi. Abiria gani atakaa juu ya baiskeli nusu saa na kuna pikipiki ya kumfikisha kwa dakika kumi? Baba alivumilia, akapunguza bei, akaamka mapema zaidi. Mwishowe alikaa chini ya mti na spana zake, akawa anatengeneza za wengine. Black Mamba ikabaki ya kuchotea maji.

Hata hivyo simlaumu mwenye pikipiki. Usiku mmoja mdogo wetu aliposhikwa na malaria mpaka akatetemeka mwili mzima, ni pikipiki iliyompeleka hospitali saa nane za usiku, na mwenyewe akakataa pesa. Mtu asiponiambia ukweli huu wote kuhusu pikipiki, mimi nitamwona mwongo. Lakini kuna ukweli mwingine nitakaousema baadaye.

Sasa, kwa nini niliona haya? Kwa sababu wanaopanda Black Mamba hapa kwetu ni wauza maziwa na wauza makaa. Msichana wa kidato cha tatu, amevaa sketi ya shule, juu ya dude kama hilo? Niliona heri nifyeke nyasi.

Ilikuwa siku ya Alhamisi mwezi wa Machi, mvua ya masika imeanza. Nilitoka shuleni saa kumi na moja unusu, nikangoja matatu karibu saa nzima. Nilipopata moja nilikaa dirishani, nikafuta ukungu kwa kiganja nikawa naangalia nje. Tulipokaribia Nyamasaria niliona watu wakitembea kando ya barabara katika tope, wamejifunika karatasi za nailoni. Mmoja wao alikuwa mwanamke mwenye karai kichwani na ndala mkononi. Leso yake niliijua. Nilimtazama tena. Moyo wangu ulipiga pa! Alikuwa mama.

"Shukisha! Shukisha hapa!" nikapiga kelele.

"Hapa si steji, siste," manamba akajibu. "Tulia."

Matatu ilimpita mama ikamrushia maji. Nililiona lile tope likimfika kiunoni. Yeye hakujua kwamba bintiye alikuwa ndani. Niliposhuka steji nilisimama nikimngoja, machozi na mvua vikichanganyika usoni. Alifika baada ya kama dakika ishirini.

"Mama, mbona unatembea?"

"Nanyoosha miguu tu, nyara. Nimekaa kutwa nzima."

"Mama, kwa mvua hii?"

Alinyamaza. Nilimpokea karai tukaanza kwenda. Baadaye akasema polepole, "Asubuhi sina budi kupanda gari kwa sababu ya mzigo. Lakini jioni karai ni tupu. Hamsini yangu ya jioni ndiyo hamsini yako ya asubuhi."

"Tangu lini?"

"Tangu mafuta yalipopanda."

Nilipiga hesabu kichwani. Petroli ilipita shilingi 200 kwa lita mwaka 2023, na nauli zikapanda nayo. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Ina maana kwamba tangu siku yangu ya kwanza katika kidato cha kwanza, kila nilipokaa kwenye kiti cha matatu asubuhi, nilikaa juu ya miguu ya mama. Na mimi nilikuwa nikinung'unika kwamba gari lina joto!

"Usimwambie baba yako," akaniambia tulipofika mlangoni. "Ataumia bure."

Usiku huo sikupata usingizi. Nilifikiria kuacha masomo ya jioni ili niwe natembea kabla ya giza. Nilifikiria hata kumwomba mama anitafutie shule ya karibu. Alfajiri nikapiga moyo konde, nikamfuata baba uani.

"Baba, naomba Black Mamba."

"Ya kuchotea maji?"

"Ya kwenda shule."

Baba alinitazama kitambo, akaitazama baiskeli, akacheka kidogo. Mama aliposikia alitoka jikoni mbio. "Msichana juu ya baiskeli kila siku! Watu watasema nini?"

"Waseme," baba akamjibu. "Mdomo ni wao, baiskeli ni yangu."

Jumamosi nzima baba aliishughulikia. Alishusha kiti, akatia breki mpya, mnyororo na tairi moja, akakata bati akafunika mnyororo ili sketi isinaswe. Nyuma alibandika kioo chekundu cha kumulikwa na taa za magari. Gharama yote ilikuwa kama shilingi 1,500. Mimi nilitafuta suruali ya michezo ya kuvaa ndani ya sketi. Juma la kwanza baba aliazima baiskeli ya mteja wake akanifuata nyuma kila asubuhi, akinifundisha kwa sauti kama mwalimu wa gwaride.

"Usitazame gurudumu, tazama unakoenda! Matatu ikisimama mbele yako, usiipite kushoto, kuna mtu atashuka! Ukisikia lori nyuma, shika usukani, usigeuke!"

Siku ya kwanza kuingia langoni, shule nzima ilicheka. Kabla ya mapumziko ya saa nne nilikuwa nimepewa jina, Mama Maziwa. "Mama Maziwa, nusu lita ni pesa ngapi?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini siku ile nilifika saa kumi na mbili na nusu, mkavu, bila kubanwa na mtu. Mwalimu wa zamu alinitazama, akatazama saa yake, akanipisha. Nilitumia dakika ishirini na tano tu kutoka nyumbani.

Sasa nirudi kwenye ule ukweli mwingine. Tulipokuwa kidato cha pili tulikuwa na mwenzetu mmoja, simtaji jina. Naye alitoka mbali, naye nauli ilimshinda. Mwendesha pikipiki mmoja akawa anamwambia, "Panda tu, siste, utalipa siku nyingine." Asubuhi lifti, jioni lifti, mara chipsi za jioni. Siku hiyo nyingine ya kulipa ilifika. Mwenzetu alitoka shuleni muhula wa tatu na sasa analea. Sisemi kwamba wenye pikipiki wote ni wabaya, wengi ni baba za watu wanaotafuta riziki. Lakini niambie, msomaji, kama msichana yule angekuwa na njia salama ya kwenda shule kwa miguu yake mwenyewe, deni lile lingetoka wapi? Mimi mwenyewe niliitwa mara mbili kwa maneno hayo hayo. Mara moja, mvua ikinyesha, nilikuwa nimeshainua mguu nipande. Sijui ni kitu gani kilinirudisha. Leo wakiniita napiga kengele napita zangu. Watu husema kuwa njia ni lami na daraja tu. Kwa msichana wa shule ya kutwa, njia ni maisha yake.

Msifikiri kwamba yote yalikuwa raha. Juma la pili la Mei, karibu na mzunguko wa Kachok, njia ya kando niliyokuwa nikiifuata iliisha ghafla. Mbele yangu kulikuwa na mtaro na kushoto kokoto. Ilinibidi niingie barabarani. Kufumba na kufumbua matatu ikanibana, kioo chake kikagonga usukani wangu, nikarushwa mtaroni. Gari halikusimama. Mama mmoja muuza ndizi ndiye aliyenitoa. Goti lilipasuka, gurudumu la mbele likapinda kama nambari nane. Niliikokota baiskeli hadi nyumbani huku nikichechemea.

Jioni ile mama alisema, "Basi imetosha. Rudi kwenye matatu. Pesa zitapatikana."

Nilijua zitapatikana wapi. Zitatoka kwenye miguu yake. Baba hakusema kitu. Alikaa na koroboi akinyoosha gurudumu, spoki moja baada ya nyingine, mpaka saa tano usiku. Alipomaliza akasema, "Tatizo si baiskeli wala si huyu mtoto. Tatizo ni pale njia inapokatika." Asubuhi yake tulienda pamoja tukatafuta njia za ndani za mitaa. Zina mavumbi na mbwa, tena zinaniongezea dakika kumi, lakini hazina magari makubwa. Mama alikubali shingo upande. Hadi leo bado husimama mlangoni nikitoka, anatazama mpaka nikate kona.

Neno la baba lilinikaa moyoni. Nikamuuliza mwalimu wetu wa Jiografia kwa nini njia zinakatika. Akatueleza darasani kwamba mwaka 2020 Kisumu ilipata mpango wake wa usafiri endelevu, uliotayarishwa kwa msaada wa mashirika ya ITDP na UN-Habitat. Usafiri endelevu, alisema, ni ule unaotufikisha leo bila kuwaharibia kesho wanaokuja, na ambao hata asiye na gari anautumia. Mpango ule unataka waendao kwa miguu na baiskeli wafikiriwe kwanza. Kazi fulani imefanyika. Katikati ya mji, kwenye ile pembetatu ya barabara za Oginga Odinga, Jomo Kenyatta na Ang'awa, kulitengenezwa njia pana za miguu kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022. Ukipita pale unajiona kuwa mtu. Mama na karai lake anaweza kutembea pale bila kurushiwa maji.

Lakini wanaotembea sana hawakai pale! Wanakaa Nyamasaria, Manyatta, Nyalenda na Mamboleo. Tumefanya kama mtu aliyefagia sebule kwa ajili ya wageni akaacha jikoni watoto wanakolala. Na hili si la Kisumu peke yake. Mwaka 2024 zaidi ya watu 4,700 walikufa katika barabara za Kenya, kwa hesabu ya NTSA, na kundi kubwa zaidi lilikuwa la waendao kwa miguu. Hao hawakuwa wakienda kasi. Walikuwa wakienda kazini, sokoni na shuleni, kama mimi na mama.

Nami nimejifunza kupima maisha mema kwa namna nyingine. Zamani nilifikiri maisha mazuri ni kuwa na gari. Sasa napima hivi. Nauli yangu ilikuwa shilingi 500 kwa juma, yaani 6,500 kwa muhula wa majuma kumi na matatu. Pesa hizo sasa zinabaki nyumbani, na tulipozipata kwa mara ya kwanza mama alinunua mtungi mdogo wa gesi. Yeye hupanda matatu jioni, anafika kabla ya giza, miguu yake haivimbi tena. Tunakula saa moja badala ya saa tatu, na baada ya kula tunaongea. Nilikuwa sijui kwamba mama ni mcheshi vile! Kumbe miaka yote alikuwa anafika amechoka mno hata kucheka. Shirika la Afya Duniani linasema kijana wa rika langu afanye mazoezi ya kutosha kwa saa moja kila siku. Mimi ninayapata ya kwenda na kurudi, bila kulipa mtu. Na uwanja wa shule sijaufyeka tangu Aprili.

Lile jina la Mama Maziwa halijaisha, ila sasa tumekuwa wengi. Muhula wa pili walikuja wavulana wanne na wasichana wawili kwa baiskeli zao, nao wakaitwa Maziwa Lala na majina mengine. Tulimwandikia mwalimu mkuu barua ya kuomba kibanda, kwa Kiswahili sanifu cha chama chetu, naye akatukubalia. Tumepewa kivuli cha mwembe nyuma ya maktaba na bomba la chuma la kufungia minyororo. Si kidogo.

Ombi langu kwenu ni hili. Wewe ambaye siku moja utakuwa mhandisi au diwani, ukichora barabara, anza kumchora mama mwenye karai, halafu ndipo uchore gari. Na wewe dereva wa kesho, ukiona kidimbwi na mtu kando yake, punguza mwendo. Huenda ndani ya gari lako amekaa mtoto wake.

Jumamosi iliyopita nilimfuata mama Kibuye. Nilitia ule mto wa baba wa nyuzi nyekundu kwenye keria. Mama alikataa, akacheka, akatazama huku na huku kama kuna anayemjua, kisha akapanda upande upande na karai lake mapajani. Njia ni tambarare lakini jasho lilinitoka! Alishika kiuno changu, akanyamaza kwa muda mrefu. Tulipofika Nyamasaria alishuka, akajipangusa vumbi.

"Haya, dereva," akasema. "Nauli ni ngapi?"

"Hamsini," nikamwambia. "Lakini wewe ulishalipa."